Makopo Matano kwa Siku: Chakula cha Samaki Kilikwenda Wapi?

Kumdhania mtu wizi ni jambo jepesi. Kulirudisha neno hilo likishatoka mdomoni ndiyo kazi. Mwaka jana ukoo wetu ulikaribia kumfukuza kijana mmoja kule Eldoret kwa tuhuma ya kuuza chakula cha samaki, ilhali chakula chenyewe hakikuwa kimetoka nje ya ua. Nimepewa idhini na wenyewe kukisimulia kisa hiki, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu. Nakileta kwenu, ndugu wasomaji, kwa kuwa siku hizi jamaa zetu wengi, bara na pwani, wanatia akiba zao katika mabwawa ya samaki, na kosa lililofanyika kwetu laweza kufanyika katika nyumba yoyote yenye nia njema.

Kaka yangu mkubwa aliondoka Mombasa akiwa kijana, akaenda Eldoret kuuza vitambaa, akaoa na kujenga huko. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuinua uchumi, ufugaji wa samaki ulikuwa sehemu yake: mabwawa 200 yalikusudiwa kuchimbwa katika kila jimbo miongoni mwa majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na eneo la mita za mraba 300. Kaka hakuwamo katika orodha ya waliochimbiwa, lakini aliyaona ya majirani, akachimba lake kwa kipimo hicho hicho. Mengi ya mabwawa ya mpango ule yaliachwa baada ya msaada kwisha, na gharama ya chakula ilikuwa miongoni mwa sababu. La kaka lilidumu mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua.

Aliacha mjane na watoto watatu wasiofikia umri. Fungu la watoto katika mirathi liliwekwa chini ya usimamizi wa ami yetu aliyeko Mombasa. Baada ya mashauriano, ami aliridhia sehemu ndogo ya fungu hilo itumike kulifufua bwawa, kwa kununua vifaranga vya perege, ambao bara huwaita ngege, pamoja na chakula chao. Kijana wa jirani akaajiriwa kulisha na kulinda.

Mwaka ulipokaribia kwisha, hesabu ilikuja mbaya. Chakula kilikuwa kimenunuliwa zaidi ya mara mbili ya kilichotarajiwa, na samaki waliotolewa kwa kuonjwa hawakuzidi kiganja cha mtoto. Katika kikao cha ukoo mtu mmoja akauliza swali ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni: ikiwa chakula kimenunuliwa na hakimo matumboni mwa samaki, kimo wapi? Akajijibu mwenyewe kwamba kimeuzwa. Jina la kijana likatajwa. Ami hakukubali wala hakukataa. Aliniambia, "Nenda ukaone kwa macho yako kabla hatujamhukumu mwana wa watu. Na mali ya mayatima nayo haikisiwi."

Nikafuatana na dada yangu, tukashika safari ya bara.

Adhana tano, makopo matano

Mji wa Eldoret uko juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyezoea fukuto la Mombasa hushuka garini jioni akatafuta sweta kabla ya kutafuta chai. Shemeji alitupokea kwa ukarimu wake wa siku zote, na asubuhi akatueleza jinsi bwawa linavyoendeshwa. Hakuficha kitu, kwani hakuona la kuficha.

"Mimi nilichelea yule kijana atasahau," alisema, "kwa hiyo nikamfungia na adhana. Kila wakati wa sala ukiingia, kopo moja bwawani. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Hata siku moja sijawanyima. Wale ni riziki ya wanangu."

Kijana naye tulimwita, akaja na kofia yake mkononi. Alikwisha kusikia anayosemwa. "Mzee," aliniambia, "mimi nilitupa kama nilivyoambiwa. Siku nyingine niliona hawaji juu, nikatupa tu, kwa sababu mama alisema makopo ni matano."

Tukalipima kopo lenyewe, lililokuwa la maziwa ya unga: lilichukua kilo 1.2. Kwa siku, basi, kilo 6 ziliingia majini. Kwa mwezi kilo 180, yaani zaidi ya mifuko saba ya kilo 25. Hesabu hiyo ililingana na daftari la manunuzi. Mifuko yote ilikuwa imeingia bwawani. Swali la kikao lilibaki pale pale, ila sasa lilikuwa limegeuka: ikiwa hakuna kilichoibwa, mbona samaki hawakukua?

Sinia la pilau linatoa ushahidi

Shemeji ana jirani, mzee aliyesomea taaluma ya samaki na kuifanyia kazi miaka mingi. Tulimwomba aje, naye akaja na mizani, kipimajoto na wavu mdogo. Baada ya kulizunguka bwawa, akaomba sinia kuukuu. Akapewa moja lililokwisha kuhudumu katika harusi nyingi na sasa limeingia kutu. Akalitoboa matundu matatu ukingoni, akalifunga kamba, akalishusha mpaka chini, mahali pale pale ambapo kijana huwa anatupa chakula. Chakula kilichonunuliwa kilikuwa cha aina inayozama, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona kinachobaki.

Kesho yake tukaanza na kopo la alfajiri. Kipimajoto kilisoma nyuzi 17. Kijana akatupa, tukangoja nusu saa, tukavuta kamba. Chakula kilikuwa sinianim kama kilivyoshuka, kimeanza kuvurugika na kuwa uji. Hakuna samaki aliyekigusa.

Saa nne, jua lilipokwisha kupanda na maji kufikia nyuzi 21, tukajaribu tena, ingawa haukuwa wakati wa kopo. Safari hii maji yalichemka kwa mapezi, na baada ya robo saa sinia likaja juu tupu. La adhuhuri lilibaki kiasi. La alasiri likaliwa karibu lote. La magharibi likabaki zaidi ya nusu, na la isha likabaki lote, kwa kuwa perege hutafuta chakula kwa macho mchana, wala giza si wakati wake.

Kisha mzee akamwambia kijana achote tope la chini kwa mpini wa jembe. Lilitoka jeusi, lenye uvundo wa yai viza. "Mwizi wenu huyu hapa," alisema. Dada yangu, aliyekuwa miongoni mwa waliolitaja jina la kijana katika kikao, aliinamisha uso.

Baridi na tumbo la samaki

Ili tusiishie katika kisa, yafaa kueleza sababu, kwani mwenye kujua sababu hahitaji kusimamiwa kila siku.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake hufuata joto la maji. Perege hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hamu yake ya kula hupungua sana, na yakikaribia 16 huacha kula kabisa au karibu na kabisa. Usagaji wa chakula tumboni nao hufuata kanuni hiyo: katika maji ya joto mlo hupita upesi, katika maji ya baridi hukaa muda mrefu. Huko Mombasa mfugaji aghalabu hana haja ya kulifikiria jambo hili. Katika nyanda za juu za Uasin Gishu, ambako usiku huwa wa baridi mwaka mzima, ndilo jambo la kwanza. Kopo la alfajiri lilikuwa linamkuta samaki ambaye bado hajaamka, na kopo la isha lilikuwa linamkuta aliyekwisha kulala.

Jambo la pili ni umbo la tumbo. Perege ana tumbo dogo na utumbo mrefu uliojikunja, mara kadhaa kuliko urefu wa mwili wake. Kwa maumbile ni mchunga majani: hudonoa kidogo kidogo mchana kutwa, vijimea na vijidudu vya majini. Ndiyo maana kumpa chakula chake chote cha siku kwa mkupuo mmoja hakumfai. Wakubwa hujaza matumbo, wadogo husukumwa pembeni, na siku ya kuvua hupatikana samaki wa kila kimo. Kambare ni mwengine: ana tumbo pana la mwindaji, hupenda jioni na usiku, na akishakomaa mlo mmoja au miwili humtosha.

Umri nao una hukumu yake. Kifaranga ana mdomo mdogo, tumbo dogo, na mwili unaokua kwa kasi. Yeye ndiye anayestahili kulishwa mara nne au zaidi kwa siku, chakula laini kama unga. Kadiri anavyokua, milo hupungua idadi na sehemu yake kwa uzito wa mwili hupungua pia. Majaribio mengi yaliyofanywa kwa perege katika nchi mbalimbali huelekea upande mmoja: kutoka mlo mmoja hadi miwili au mitatu, ukuaji huongezeka kwa dhahiri; kuzidisha hapo kwa samaki aliyekwisha kuwa mkubwa, faida hupungua mpaka ikakoma. Mlo ukija kabla ule wa kwanza haujasagwa, wa kwanza husukumwa nje nusu yake haijatumika. Samaki amekula, mfugaji ametoa fedha, na mwili haukupata kitu.

Watu wa Eldoret wana bahati ya kuwa karibu na elimu hii. Chepkoilel, kilomita chache kutoka mjini, pana mabwawa ya kufundishia na ya utafiti. Palikuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi tangu 1990, na mwaka 2013 pakapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Charles Ngugi, aliyekuwa mwalimu wa taaluma ya samaki katika Chuo Kikuu cha Moi, aliandika pamoja na James Bowman na Bethuel Omolo mwongozo wa ufugaji wa samaki nchini Kenya uliotoka mwaka 2007. Ni kitabu cha mfugaji wa kawaida, na mzee jirani alikuwa na nakala yake iliyochakaa kwa kufunuliwa.

Mara ngapi, na kiasi gani

Kosa la nyumba yetu lilikuwa kuchanganya maswali mawili. La kwanza ni mara ngapi kwa siku. La pili ni kiasi gani kwa siku. Mtu anayegawa kilo mbili katika milo mitano hafanyi sawa na anayetoa kilo mbili mara tano. Wa kwanza amegawa, wa pili amezidisha. Shemeji alidhani anagawa.

Kiasi cha siku hakitokani na huruma, hutokana na mizani. Mzee alivua samaki 30 kwa wavu, akawapima, akapata wastani wa gramu 90 kwa mmoja. Bwawani walikuwa wametiwa 900, watatu kwa kila mita ya mraba. Tukichukua kwamba wote wangali hai, uzito wao jumla ni kilo 81. Samaki wa kimo hicho hupewa kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, na hupunguzwa siku za baridi kali. Asilimia 3 ya kilo 81 ni kama kilo 2.4, yaani makopo mawili kamili. Matatu yaliyobaki, kilo 3.6 kila siku, hayakuwa na mdomo wa kuyapokea.

Kwa mwezi hizo ni kilo 108, zaidi ya mifuko minne. Tukikadiria kilo moja kwa shilingi 130, ni shilingi 14,040 za mayatima zilizokuwa zikizama kila mwezi. Ikumbukwe kwamba chakula pekee huchukua zaidi ya nusu ya gharama ya kuendesha bwawa la namna hii. Mfugaji anayelisha vizuri hutumia kilo moja na nusu hadi mbili za chakula kupata kilo moja ya samaki. Anayetupa ovyo hutumia mara mbili ya hizo, akauza kwa bei ile ile ya jirani yake, kisha akashangaa faida imekwenda wapi.

Taka isiyoonekana

Lau hasara ingekuwa ya fedha tu, ingekuwa nafuu. Chakula kisicholiwa hakikai kimya majini.

Chakula kile kilikuwa na protini asilimia 30. Protini hubeba naitrojeni, na wataalamu huihesabu kwa kugawa uzito wa protini kwa 6.25. Kilo 2.4 zinazoliwa zina naitrojeni gramu 115 hivi. Samaki huhifadhi mwilini theluthi moja yake kwa wastani mzuri. Zinazobaki, karibu gramu 77, huzitoa majini, nyingi zikitoka mashavuni kama amonia. Hiyo ni ada ya ufugaji, na bwawa lenye afya huweza kuipokea: vijimea vya kijani huitumia, na perege huvila vijimea hivyo.

Lakini kilo 3.6 zisizoliwa zilikuwa na gramu 173 nyingine, nazo zilioza zote chini. Jumla ya mzigo wa siku ikawa gramu 250, zaidi ya mara tatu ya ile ambayo maji yangebeba kwa ulishaji wa haki.

Kuoza huko hula oksijeni. Vijimea vya majini hutoa oksijeni mchana kwa nguvu za jua, na usiku huigeukia na kuitumia, kwa hiyo saa mbaya kuliko zote katika bwawa lolote ni kabla ya jua kuchomoza. Kijana alikuwa amewaona samaki alfajiri nyingi wakielea juu wakitweta kwa midomo. Alipoyasema hayo, aliambiwa wana njaa, akaongeza chakula. Kumbe walikuwa wanatafuta pumzi. Na samaki aliyekula huhitaji oksijeni zaidi ili kusaga mlo wake. Kumlisha katika saa ya dhiki ni kumzidishia dhiki.

Alasiri nako kuna hatari yake. Maji ya kijani kibichi mno huwa makali kama ya chokaa jua likipamba moto, na katika hali hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa sumu. Samaki aliyedhoofishwa na sumu hapendi kula. Asipokula, chakula kingi zaidi huoza. Kikioza, sumu huongezeka. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyozunguka mwaka mzima, kila aliyeona samaki wamedumaa akidhani dawa ni kopo jingine.

Hata tope likitolewa, halipotei duniani. Maji ya mitaa mingi ya Eldoret huteremkia mto Sosiani, ukaungana na Kipkaren, ukaingia Nzoia, mpaka Ziwa Victoria. Ziwa hilo ndilo linalotupa omena wanaosagwa kutengeneza chakula cha samaki. Kumwaga uchafu wa bwawa mtoni ni kuuchafua mtungi tunaochotea. Tangu siku ile maji ya bwawa yakipunguzwa huelekezwa katika shamba la sukumawiki, na sukumawiki imeyapenda.

Ratiba mpya

Mzee hakuagiza chakula cha bei kubwa wala mashine. Aliandika mambo machache nyuma ya kalenda ya jikoni, nami nayanukuu kwa faida ya wasomaji.

Milo ni miwili: saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, mahali pale pale, ili samaki wazoee. Shemeji alicheka akasema basi ni baada ya sala ya dhuha na baada ya alasiri, na kijana hana haja ya kununua saa.

Chakula hakitupwi chote pamoja. Konzi ya kwanza hutupwa, huangaliwa, hufuatwa na ya pili. Wakiacha kuja kwa hamu, mlishaji husimama, hata kama kopo halijaisha. Walichoshindwa kukila ndani ya robo saa ni ziada, na kesho hupunguzwa kiasi hicho. Sinia hubaki bwawani kama shahidi: huvutwa baada ya kila mlo.

Siku ya mvua ya baridi, au asubuhi wanapotweta juu, hawalishwi mpaka maji yatulie. Kuwakosesha siku moja hakuwadhuru. Mtoto wa mwisho wa kaka aliposikia hayo aliuliza kama samaki nao hufunga Jumatatu na Alhamisi, na nyumba nzima ikacheka kwa mara ya kwanza tangu tuwasili.

Kila mwezi samaki 30 hupimwa, na kiasi cha siku huandikwa upya, kwani samaki akikua hesabu ya jana humpunja. Siku moja kabla ya kuvua hawalishwi, ili matumbo yawe safi na nyama isiharibike upesi. Na kila kinachotupwa huandikwa katika daftari, kwa mkono wa kijana mwenyewe, pamoja na kilichobaki sinianii. Daftari hilo humlinda mwenye mali, na humlinda mfanyakazi zaidi.

Kwa wenzetu wa pwani

Msomaji wa Kilifi au Kwale anayefuga mwatiko katika mabwawa ya maji chumvi, au perege katika tangi nyuma ya nyumba, huenda akasema baridi ya Eldoret haimhusu. Ni kweli kwamba maji yetu ni ya joto, samaki husaga upesi, na mlo wa tatu waweza kuwa na faida. Lakini joto lina upande wake wa pili: maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, chakula huoza upesi zaidi, na amonia huwa kali zaidi. Kwa hiyo pwani idadi ya milo yaweza kuongezeka, ila kiasi cha siku hakina ruhusa ya kuongezeka pasipo mizani, na jicho la mlishaji linahitajika zaidi. Sinia moja kuukuu litafundisha Mtwapa kama lilivyofundisha Eldoret.

Mwisho wa kikao

Usiku wa mwisho nilimpigia ami nikamsomea hesabu yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba apewe yule kijana. Simu ilipowekwa sikioni mwake, kijana alisimama wima kama aliye mbele ya mwalimu. Sikusikia aliyoambiwa. Nilimsikia yeye akijibu mara mbili, "Hakuna neno, Mzee," kisha akatoka nje akaketi penye ukingo wa bwawa.

Ami aliridhia fedha za msimu wa pili, kwa sharti la daftari. Shemeji alihuzunika kwa siku kadhaa, akiona kwamba huruma yake ndiyo iliyowadhuru samaki wa wanawe. Dada yangu alimwambia maneno ambayo nami niliyahitaji: kwamba yeye alikosea kipimo cha chakula, na sisi tulikosea kipimo cha mtu, na la kwetu lilikuwa zito zaidi. Dini yetu imekataza israfu hata katika maji ya udhu, sembuse katika chakula. Na dhana mbaya nayo imekatazwa.

Mwezi baada ya kurudi Mombasa nilipata habari kwamba mifuko mitatu imetosha pale ambapo zamani hata saba haikutosha, na kwamba alfajiri samaki hawaelei tena juu wakitweta. Kijana angali kazini. Sinia nalo lingali bwawani, na watoto hugombania nani atavuta kamba.